Unga Uliosafiri na Sumu ya Nzige

Mwamvua binti Nassibu alifika Shinyanga pamoja na reli, akimfuata mume wa kwanza. Huyo alikufa, akamzika. Wa pili Mwamvua alimfukuza. Wa tatu, Masele, alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na Mwamvua akabaki akikaanga maandazi karibu na stesheni. Watu waliyapenda maandazi yake na kuuogopa mdomo wake.

Miaka ile ya nzige, serikali ilileta kwa treni sumu ya kuwaulia. Safari moja debe likatoboka, sumu ikamwagika ndani ya behewa lenye magunia ya unga wa ngano kutoka ng'ambo. Bwana Afya, Mzungu mwenye magoti mekundu, akaja kusoma amri mbele ya stesheni nzima: chakula chochote cha ng'ambo kilichosafiri na sumu iliyomwagika kisiuzwe, kifukiwe.

Mwenye unga, Bwana Muhidini, akaja juu.

"Yaliyolowa ni machache! Haya mengine makavu nitayapeleka Geita. Wachimbaji wale hata mawe wanatafuna."

Mwamvua akaacha jiko lake. "Mume wangu yuko Geita. Ni mjinga, lakini ni mjinga wangu."

"Bibi Mwamvua, unga huu ni salama kabisa."

"Vizuri. Basi utauonja."

Akachota unga wa gunia kavu, akaukanda kwa kijiti, akaukaanga katika sufuria bovu alilokuwa tayari kulitupa. Andazi likaumuka, likanukia vizuri. Akalitua juu ya jani.

"Karibu, Bwana Muhidini. Bismillahi."

Muhidini akalitazama andazi kama mtu anayetazama nyoka. Kisha akakumbuka kwamba amefunga.

"Umefunga? Si sasa hivi tu ulikuwa unatafuna muwa?"

"Nimefunga baada ya muwa."

Nkwabi, mpagazi wa stesheni, alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Afya naye akacheka, akaamuru magunia yote yapelekwe shimoni.

"Na lile sanduku?" Mwamvua akauliza.

Bwana Afya akaacha kucheka. Lilikuwa sanduku lake la biskuti za ng'ambo, nalo lilikuja na behewa lile lile.

"Hili limefungwa vizuri," akasema.

"Hata magunia yalifungwa, Bwana."

Stesheni masta akaanza kuchunguza mawingu. Hakuna aliyeweza kumlazimisha Mzungu, lakini amri alikuwa ameisoma mwenyewe, tena kwa sauti. Bwana Afya akalibeba sanduku hadi shimoni, akasimama nalo kitambo, akalitupa na kugeuka upesi. Muhidini, ambaye mali yake yote ilikuwa humo, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Masele alirudi baada ya mvua, bila dhahabu, mbavu nje. Mwamvua akamsimulia kisa chote akitarajia kicheko.

"Unga huo ungefika," Masele akasema, "tungeula. Tulikuwa na njaa, mke wangu. Tusingeuliza."

Mwamvua akainuka. Akabandika sufuria motoni.