Hata Malaria Ina Mkwe wa Kukaa

Nibaran Pakrashi alihamia ukweni, mjini Bankura, mwaka ule mafuriko yalipozoa shamba lake la tambuu, na hakuondoka tena. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye alipewa chumba cha nyuma kabisa, cha kupitia milango minne, na habari ya jembe haikutajwa. Mkewe Jhumpa alifundisha shule, mpishi alipika, Nibaran akala, akanenepa, akasahau hata tambuu hupandwa vipi. Nguo zake zilikaa kabatini kwa mama mkwe, Kanaklata, na ufunguo mama huyo aliufunga kwenye pindo la sari yake. Mtu mzima, jamani, kuomba shati lake kila asubuhi!

"Unakula kama mtu aliyeajiriwa kula," Kanaklata alimwambia kila mlo.

"Ndiyo, Ma," alijibu Nibaran, akasogeza sahani aongezwe wali.

Baba mkwe, Bhabatosh, alikuwa mstaafu wa maabara ya malaria. Alizeeka akichungulia damu za watu kwenye hadubini, na alipostaafu akahamishia maabara mezani.

"Mnajua kijidudu cha malaria kina kipande cha mmea ndani yake?" aliuliza siku moja, mdomo umejaa dengu. "Zamani za kale babu yake alimeza mwani. Haukusagika. Upo mpaka leo, nyuma ya kuta nne. Rangi ya kijani imekwisha, jua hauna habari nalo, na karibu maarifa yake yote umeshamkabidhi mwenye nyumba. Umekaa tu."

Kanaklata aliacha kupakua, akamgeukia Nibaran. "Kumbe hata malaria ina mkwe wa kukaa!"

"Huo mwani una faida yake, lakini," alisema Bhabatosh. "Unatengeneza kitu kimoja kidogo, na bila hicho kijidudu hakiishi. Kuna dawa zinazoupiga huo huo."

"Ukipigwa, kijidudu kinakufa hapo hapo?"

"Wapi! Kinaendelea kula, kinazaa vizuri tu. Watoto wakishaingia kwenye chembe mpya ya damu ndio wanaanza kufa."

"Basi hiyo ni shida ya wajukuu," alisema Kanaklata.

Bhabatosh angenyamaza hapo angekuwa amefanya la maana. Lakini mstaafu akipata msikilizaji hana breki. "Ila kuna maabara waliutoa kabisa, wakakipa kijidudu kile kitu kimoja kwa mkono. Kikaishi raha mustarehe."

Kanaklata macho yakamng'aa. "Haya! Tujue huyu wetu anatengeneza nini, tukanunue dukani, yeye aende zake."

Nibaran alicheka. Alidhani ni utani.

Wiki ile ile ikafika sikukuu ya wakwe, siku ambayo mama mkwe humpokea mume wa binti yake kama mfalme: humfunga uzi wa manjano mkononi, humpepea kwa pepeo la mnazi, humlisha mpaka ashindwe kuinuka. Kwa kuwa Nibaran hakuwa na pa kutokea, kila mwaka alitoka mlango wa nyuma na samaki na chungu cha mtindi mtamu, akazunguka kichochoro, akabisha mlango wa mbele. Mwaka huu alibisha, mlango ukabaki umefungwa.

"Nani?"

"Mkwe wako, Ma. Nimetoka mbali."

"Unatengeneza nini humu ndani? Sema nifungue."

"Sijui, Ma."

"Basi kafikirie huko huko."

"Ma, mfungulie!" Jhumpa alilia kutoka jikoni.

"We kaanga mikate yako ya luchi!"

Nibaran akaketi kizingitini, samaki mapajani. Inzi wakaja. Hofu ikamwingia kweli kweli. Aende wapi? Shamba hana, kazi hana, mashati yake yako kwenye pindo la sari ya mtu. Alijiona hafai kitu, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Ndani, Bhabatosh alishindwa kuvumilia, akaanza kula. Vyombo vikagongana. Kisha sauti ya Kanaklata ikatoka dirishani.

"Unakula kama mtu aliyeajiriwa kula!"

"Mimi?" Bhabatosh aliuliza.

"Yuko mwingine hapa? Miaka yote umekaa, umenenepa, faida yako hata siioni!"

Nje, Nibaran aliinuka. Wivu ulimpanda. Akaupiga mlango kwa ngumi mbili, samaki akaanguka.

"Ma!" alipiga kelele. "Hayo maneno ni yangu!"

Komeo likaruka. Aliyefungua ni Bhabatosh, jasho linamtoka, akamvuta ndani kwa kola. "Ingia, mwanangu, ingia upesi. Nimekijua kile kitu unachotengeneza humu ndani. Dukani hakipo."

Kanaklata alikuwa ameshashika uzi wa manjano. Alimfunga mkononi, akakaza fundo, akakaza tena.

"Umechelewa," alimwambia. "Na samaki umemwangusha, mpumbavu wewe."

"Ndiyo, Ma," alisema Nibaran, machozi yakimlengalenga, akasogeza sahani.