Kidevu cha Mama Mkwe

Usharikani kwetu Tunduma kuna Jumapili moja kwa mwaka ambayo kila kitu hufanywa na wanaume. Wao ndio wanaofagia, wanaoimba, wanaopika pilau, na mchana wao ndio wanaoigiza. Kwa hiyo mama mkwe wa kwenye igizo naye lazima awe mwanamume, na kwa miaka mingi alikuwa baba yangu, mnunuzi wa mahindi ambaye siku nyingine zote humsikii akipaza sauti. Alijifunga vitenge vya mama, akapiga kilemba, akaja jukwaani kama ametoka kijijini Ndalambo kumtembelea mwanawe, na kuanzia hapo hakuna kilichompendeza: ugali laini, shuka fupi, mkwe mrefu mno. Wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Baba aliamini kwamba saa hiyo hakuna aliyemwona yeye; kila mmoja alikuwa anamwona mama mkwe wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Mwaka juzi kaka yangu, ambaye ni seremala, alijitolea kutengeneza tangazo la igizo. Wazo alilipata kwenye kalenda ya zamani aliyopewa na dereva mmoja wa yale magari yaliyotumika yanayotoka Japani na kupita hapa kwenda Zambia. Kila mwezi ulikuwa na sura ya mwigizaji, iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga. Nilimtafutia habari kwenye simu. Aliyezichora sura hizo ni Mjapani wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita; alifanya kazi chini ya mwaka mmoja, kisha akatoweka, na mpaka leo watu wanabishana alikuwa nani. Katika michezo ya kuigiza ya huko pia wanaume ndio walioigiza wanawake. Wachoraji wengine waliwapamba. Yeye aliiacha pua kubwa ibaki kubwa, na chini ya nywele za bibi ukauona uso wa mzee. Si wote waliofurahi.

Kaka alifurahi. Alichukua kipande cha ubao kilichobaki alipotengeneza kitanda cha mteja, akamchonga baba kutoka kwenye picha ya mwaka uliotangulia. Akapaka rangi nyeusi, akalaza karatasi juu, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua tulimwona mama mkwe kamili, midomo imebinuka, jicho moja limefinywa kwa dharau. Na chini yake kidevu cha baba, kipana, chenye vinyweleo vya ndevu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliuliza kama ndivyo anavyoonekana pale mbele.

"Sasa mzee," mama akamwambia, "ulidhani kilemba kinafika kidevuni?"

Kesho yake baba alimwambia mwenyekiti wa wanaume atafute mama mkwe mwingine, kwamba mgongo unamsumbua. Kaka alijua si mgongo. Akamwita karakana, akamwahidi kuirekebisha picha.

Ubao wa namna hiyo una sharti moja. Mstari ulioachwa umesimama ndio unaoshika rangi. Unaweza kuukwangua, huwezi kuurudisha. Baba alikaa kwenye benchi, na kila karatasi ilipotoka alinyoosha kidole. Aliagiza ndevu ziondoke. Kisha upana wa kidevu. Kisha kunjo la paji la uso, kisha mikunjo ya mdomo. Kaka alitii kila mara. Karatasi ya saba ilitoka na yai lililovalishwa kilemba.

"Huyu ni nani?" baba akauliza.

"Simjui, baba. Ndiye uliyemtaka."

Baba aliisukuma karatasi kando. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi hukaa na watazamaji, akaniuliza wanawake wanamcheka nani. Nilimweleza nilichokiona. Mwaka uliotangulia jirani yetu, aliyekuwa nyuma yangu, alisema huyo ni mama mkwe wake kabisa, na kabla hajameza mate akasema mwangalieni mzee wa watu. Ndipo akacheka zaidi.

"Wote wawili kwa pamoja?"

"Wote wawili."

Akamuuliza kaka kama ile mistari inaweza kurudi. Kaka akasema hairudi. Baba akaagiza utafutwe ubao mwingine, akaondoka.

Jumamosi alikuja karakana kwa miguu, mchana kweupe, amevaa vitenge na kilemba, hajanyoa siku tatu. Alipita kando ya foleni yote ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Madereva walimwamkia shikamoo bibi, naye aliwaitikia marahaba kwa sauti ya mama mkwe, mmoja mmoja.

Akakaa kwenye kigoda, akafinya jicho, akainua kidevu.

"Chonga unachokiona," alimwambia kaka kwa sauti yake ya kawaida.

Kaka akachukua penseli. Haikupita dakika mbili, ile sauti nyingine ikaanza kunung'unika, midomo haitikisiki:

"Na hiki kigoda kibovu, ni mwanangu kweli aliyekitengeneza?"