Tano Kwanza, Thelathini Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kanzu nyeupe aliyoipiga pasi mama yangu, nikapewa mti wa kubeba. Ilikuwa Mikese, wakati wa Wadachi. Reli ilikuwa imeshapita pale, na kazi ya kupima barabara ya kupanda Uluguru hadi Matombo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali nikiwa wa kwanza darasani, na nilikuja nikiamini nitakabidhiwa kalamu. Kalamu alikabidhiwa Kobelo.

Darasani tulikuwa kumi na wanne, na Kobelo alikuwa wa kumi na moja. Naitaja nafasi yake kwa sababu niliitaja moyoni kila siku kwa miaka mingi, na sioni haya kukiri. Alikuwa mtoto wa mlimani, wa upande wa Matombo, mguu wake mpana na kicheko chake kikubwa. Mimi nilizaliwa mjini Morogoro, nikasoma chuo cha Kurani kabla ya shule, na mito yote ya Udachi niliweza kuitaja bila kuvuta pumzi. Mwalimu alipotufundisha kwamba uso wa maji yaliyotulia hulala sawa hata chombo kikiinamishwa, mimi niliiandika sentensi ile kwa mwandiko wa kupendeza nikasifiwa. Kobelo yeye alilichukua beseni akaliinamisha aone kama ni kweli, maji yakamwagikia viatu vya mwalimu. Alichapwa. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa niwaeleze ninyi vijana kalamu ile ilikuwa ya nini. Mpimaji husimama nyuma ya darubini iliyofungwa juu ya miguu mitatu. Mbele yake mtu anashika mti mrefu uliochorwa sentimita kwa rangi nyekundu na nyeusi. Mpimaji huchungulia, husoma namba kwenye mti, huitamka kwa sauti, na mwandishi huiandika katika daftari. Namba hizo ndizo zinazosema ardhi inapanda au inashuka, na kwa kiasi gani. Anayeshika mti hahitaji akili, anahitaji mikono tu. Mwandishi ndiye anayehitaji shule.

Bwana Mpimaji wetu, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, alijua Kiswahili vizuri, ila namba alizihesabu kwa lugha ya mama yake. Asubuhi ile alitupa kila mmoja kibao, akatamka namba kumi harakaharaka. Kobelo alizipata zote. Mimi nilipata sita. Mdachi, mjue, hutamka namba ndogo kabla ya kumi. Sisi tunasema thelathini na tano, yeye husema tano na thelathini. Darasani mwalimu alitusubiri tufikiri. Bwana Mpimaji hakusubiri mtu, na mkono wangu ukaandika tano kisha tatu, kwa mpangilio niliosikia.

"Huyu ataandika," alisema Bwana Mpimaji akimwonyesha Kobelo. "Wewe mwenye nguo nzuri, shika mti."

Mchana, tukila, Kobelo alisogea karibu yangu. Hakujua kwamba nilikuwa namchukia, au alijua akapuuza.

"Salehe, viboko vya boma vinaitwaje?"

"Hamsa wa ishirini. Nani asiyejua?"

"Basi! Hamsa imetangulia, ishirini imefuata. Tano na ishirini. Mdachi naye anahesabu hivyohivyo. Ukisikia tano, acha nafasi ya kidole, andika tano yako, kisha rudi kushoto uandike ile kumi yake. Mimi ndivyo ninavyofanya."

Nilitaka kulia. Hamsa na ishirini ni maneno ya Kiarabu, nami ndiye niliyekaa chuoni miaka mitano nikiyasikia. Yeye hajui hata alifu, na ameliona jambo lililokuwa kinywani mwangu maisha yangu yote.

"Nina njia yangu," nikamjibu. Sikuwa na njia yoyote.

Tukapanda mlima miezi ile, kigingi kwa kigingi, na kila kigingi kilinipa sababu mpya ya wivu. Niliionea wivu penseli iliyokaa sikioni mwake. Niliuonea wivu mwamvuli aliosimama chini yake ili daftari lisilowe, wakati mimi nimeshika mti mvuani. Watu wa vijijini walimwita Bwana Karani, wakamletea ndizi mbivu, naye akinikatia nusu ya kila kichane. Ndizi zile nilizila. Lakini hakuna chakula kilichowahi kunikaa kooni kama zile ndizi.

Karibu na Matombo kulikuwa na kitongoji kiitwacho Kiduge. Jumbe wake alimwendea Bwana Mpimaji kofia mkononi.

"Bwana, maji yetu yako korongoni kule chini. Wanawake wanashuka na mitungi, kupanda ni kutambaa. Mwezi uliopita mmoja ameanguka, mguu haujapona mpaka leo. Kijito kiko kule juu, lakini hatujui pa kukipitisha. Tutachimba wenyewe. Tuonyeshe tu njia."

Bwana Mpimaji alikubali, nadhani kwa sababu jumbe hakuomba kingine. Kazi ilikuwa ya siku mbili: kupima kutoka kijito hadi kitongoji, kupiga vigingi, na kuandika juu ya kila kigingi kina cha kuchimba, ili mfereji ushuke kidogokidogo bila kusimama. Siku ya pili Kobelo aliamka na homa, meno yakigongana. Bwana Mpimaji akatazama huku na huku, akanitupia daftari.

Siwezi kuwaeleza furaha yangu. Mti alipewa mpagazi, nami nikasimama chini ya mwamvuli, penseli sikioni. Upepo ulikuwa mkali. Kwenye kigingi cha tisa Bwana Mpimaji alitamka namba yake: mia, tano na thelathini. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba kidole changu kilitaka kuacha ile nafasi. Nikakikataza. Nilijiambia sitaandika kwa ujanja wa Kobelo siku yangu ya kwanza ya kuwa karani. Nikaandika kama nilivyosikia, moja, tano, tatu. Mia moja hamsini na tatu. Namba kubwa juu ya mti maana yake ardhi iko chini, kwa hiyo katika daftari langu ardhi ya pale ilishuka karibu shibiri moja kuliko ilivyokuwa kweli. Kuanzia kigingi kile hadi cha mwisho, kina tulichowaandikia wachimbaji kilipungua kwa kiasi hicho hicho.

Homa ilipopungua Kobelo alinakili karatasi za daftari langu la mlimani katika daftari safi, maana hiyo ilikuwa kazi ya mwandishi. Akasita.

"Salehe, kigingi cha tisa, ni hamsini na tatu kweli? Mimi pale nimepita, sikuona ardhi ikishuka hivyo."

"Sasa unanifundisha kuandika?"

Akanitazama kidogo, akanakili ilivyo. Karatasi zangu mpishi akawashia moto.

Watu wa Kiduge walichimba wiki sita. Walichimba wanaume kwa wanawake, na yule mwenye mguu mbovu alikaa kando akiwapikia. Siku ya kufungulia maji tuliitwa. Wanawake walijipanga kitongojini na mitungi yao, wamevaa nguo za sikukuu. Maji yakaja, yakapita kigingi cha tano, cha saba, cha nane, watoto wakiyakimbilia pembeni. Yalipofika cha tisa yakasimama. Yakajaa, yakamwagikia shamba la maharage la jumbe, wala hayakwenda mbele hata hatua moja. Kule chini wanawake waliendelea kupiga vigelegele kwa muda, kwa kuwa hawakuwa wamepata habari.

Bwana Mpimaji aliona aibu mbele ya watu wale, na aibu ya mkubwa siku zile ilitafuta mgongo wa mtu. Alisimamisha darubini, akapima upya kigingi cha tisa, akalifungua daftari safi.

"Hii ni thelathini na tano! Nani ameandika hamsini na tatu?"

Kobelo alikuwa amesimama upande wangu wa kulia. Bwana Mpimaji akanigeukia mimi.

"Salehe! Huu mwandiko wa nani?"

"Wa Kobelo, Bwana," nikasema. Na ulikuwa wa Kobelo; karatasi zangu zilikuwa majivu, kosa likaonekana la aliyenakili.

Kobelo alilazwa uwanjani kwa jumbe, na askari wa msafara wetu akamchapa akihesabu kwa sauti. Hamsa wa ishirini. Nilihesabu pamoja naye kimoyomoyo, nikingoja kuona kama nitasema kitu kabla ya kumi, kisha kabla ya ishirini. Baada ya cha mwisho Kobelo aliinuka mwenyewe, akavaa shati lake, akaambiwa kazi imekwisha. Wale wanawake wakachukua mitungi, wakashuka korongoni.

Kesho yake penseli ilikuwa yangu. Namba ya kwanza ilipotamkwa niliacha nafasi ya kidole, nikaandika ndogo, nikarudi kushoto. Sikukosea tena.

Kutoka Matombo nilihamishiwa Kilosa, kisha Mpwapwa, chini ya Bwana Mpimaji wa pili, mtu mfupi asiyecheka. Siku moja alisimama nyuma yangu akiuangalia mkono wangu.

"Makarani wengine hukosea namba, wewe hukosei. Nani amekufundisha hivi?"

"Shuleni, Bwana."

Akaagiza makarani wote waige. Ujanja wa Kobelo ukaenea hadi huko mbali, ukiitwa mtindo wa Salehe, na kila nilipousikia ukiitwa hivyo roho iliniuma kama kwamba nimeibiwa mimi.

Vita ikaja, Wadachi wakaondoka na darubini zao, wakaja Waingereza. Hao namba zao huzitamka kama sisi, kumi kwanza, na ile nafasi ya kidole haikuhitajika tena. Niliwafanyia kazi hadi mgongo ulipokataa. Nikastaafu na saa ya mfukoni na barua ya kunisifu, nikarudi Morogoro kukaa kibarazani.

Mnaniuliza, ninyi mnaokwenda shule, yale tuliyosoma yalitusaidia nini maishani. Nilikuwa na jibu tayari, zuri, la kuwasomea wageni. Nilisoma, nikapata kazi, nikala mshahara, nikajenga. Ningewapa hilo mkaridhika. Lakini mwaka niliostaafu nilikwenda sokoni, nikakuta mama mmoja akiuza kabichi ambazo sijaona mfano wake. Nikamwuliza zinatoka wapi.

"Kiduge, babu. Mferejini kwa Kobelo."

Nikaenda. Ilinichukua siku mbili, kwa miguu hii. Nilijipangia maneno ya kuomba radhi tangu Mikese hadi Matombo, na nilipofika palipokuwa kigingi cha tisa, ambako maji yalisimama, nikayakuta yanapita. Yalipita taratibu, safi, yakashuka hadi kitongojini, na kando yake kulikuwa na migomba, kabichi na nyumba ambazo zamani hazikuwapo.

Kobelo alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini wa jembe. Hakuwa na jino la mbele. Alinitambua kabla sijatoa salamu.

"Salehe! Karibu. Kanzu bado nyeupe."

Nikamwuliza maji aliyapitishaje bila darubini. Akaingia ndani akatoka na mwanzi mrefu uliopasuliwa katikati kwa urefu wake, umezibwa ncha zote mbili.

"Unautia maji, unaulaza chini. Maji yakilala sawa na ukingo, hapo pamelingana. Ukiinua ncha kidogo, unajua unashuka kiasi gani. Nilipita nao mfereji mzima, nikawaonyesha pa kuchimba tena. Humkumbuki mwalimu na beseni lake? Viatu vyake vililowa, lakini nilikuwa nimeshaona."

Sentensi ile niliiandika mimi kwa mwandiko mzuri. Nilisifiwa kwa ajili yake. Sikuwahi kuitumia hata siku moja.

Nikamwambia. Nilisema namba ya kigingi cha tisa ilikuwa yangu, na kwamba sikuitumia njia yake kwa sababu ilikuwa yake. Maneno niliyoyapanga yote yalinipotea, nikasema hivyo tu.

"Najua," alisema. "Nilijua wakati nanakili."

"Sasa mbona hukusema, ulipolazwa pale?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Hakulisema kwa uchungu. Alichota maji mferejini kwa kata akanipa, nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu. Mngedhani hapo moyo wangu ulipoa, na mimi nilidhani ungepoa. Lakini nilisimama na kata mkononi nikiyatazama maji yakipita, nikafikiri juu ya madaftari yangu yote yaliyolala katika ofisi nisizozijua, bila kosa hata moja, na nikamwonea wivu Kobelo kuliko siku ile ya Mikese. Niliwaonea wivu watu waliouita mfereji wao kwa jina lake. Mungu anisamehe, niliuonea wivu hata mgongo wake.

Mkewe akatoka ndani na kigoda cha kunikalisha, akamwuliza mumewe mgeni huyu ni nani.

"Nimesoma naye," Kobelo akamjibu, akirudi kwenye mpini wake. "Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza."