Jino la Tabita na Mahindi ya Mzee Barnaba

Msimu wa mahindi ulipofika, wakulima walioshusha mizigo Mlowo walikuwa na swali moja kabla hata ya kuuliza bei: Mama Ipyana ameshafika? Mama Ipyana ni Tabita Nzowa, mnunuzi wa mazao, na kwa miaka kumi na tisa alipima ukavu wa mahindi kwa meno yake mwenyewe. Alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea punje, akamimina punje kiganjani, akachagua moja na kuiweka kwenye gego la kulia. Punje ikilia ka, mzigo unakwenda kwenye mizani. Ikibonyea kimya, mwenye mzigo anaambiwa akauanike siku tatu zaidi, na hakuna aliyebishana naye.

Alikuwa mwanamke mkubwa. Akikaa kwenye benchi la stoo yake, benchi lilikuwa la mtu mmoja. Alicheka kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara ya lami, na watu walimpenda hivyo hivyo alivyo. Lakini magoti yalikuwa yakimuuma, sukari ilikuwa imepanda, na kupanda kwenye lori la fuso kukagua mzigo kulihitaji wanaume wawili wa kumsukuma na mmoja wa kumvuta. Siku moja alikwama katikati, mguu mmoja juu ya tairi, akakaa hapo karibu robo saa huku akiendelea kupatana bei na dereva. Jioni alimwambia mumewe Gwamaka kwamba amechoka kupandishwa kama gunia.

Daktari wake wa kisukari alimweleza kuhusu upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Gwamaka, mtu wa Ileje asiyependa maneno mengi, aliuliza kama watamrudisha akiwa hai. Alipoambiwa kwamba wengi hurudi vizuri, alifungasha begi, wakapanda basi la Dar es Salaam.

Upasuaji ulikwenda salama. Mfuko wake ulibaki mwembamba kama ndizi. Alirudi Mlowo na karatasi ya maelekezo kurasa nne na mfuko wa vidonge vya vitamini na madini vya kumeza kila siku. Baada ya miezi mitano gauni zake zote zilikuwa zimeshonwa upya mara mbili. Sukari ilishuka. Alipanda fuso peke yake, mara ya kwanza akashuka akapanda tena, ili tu wapakiaji waone.

Si kila mtu alielewa. Mama mmoja wa kanisani alimshika Gwamaka mkono akampa pole kwa ugonjwa wa mkewe. Gwamaka alijibu, "Hajaugua. Amepungua," akaenda zake.

Tatizo lilikuwa chakula. Tabita alizoea kula amesimama, simu sikioni, macho kwenye mizani. Tumbo jipya halikutaka mambo hayo. Akila haraka, dakika kumi baadaye alikuwa nyuma ya stoo anatapika. Hakumwambia mtu. Aliona ndiyo gharama ya kupungua, basi. Akitoka kutapika alikuwa anapiga mswaki kwa nguvu ili asinuke mdomo mbele ya wateja. Na kwa kuwa alikula kidogo, alijitafutia nguvu kwenye chupa ya chai: chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, funda moja moja, tangu asubuhi mpaka wanafunga stoo. Siku za joto akabadilisha, akaweka juisi ya pasheni. Vile vidonge navyo aliviacha mwezi wa sita baada ya upasuaji. Vilikuwa vikubwa, vinanuka kama dawa ya mifugo, na yeye alijisikia mzima.

Meno yalianza taratibu. Kwanza maji ya baridi yalimchoma. Kisha ncha za meno ya mbele zikawa nyembamba, zinapitisha mwanga. Halafu shimo likatokea upande wa kushoto, na lingine upande wa kulia. Tabita akaanza kucheka mkono ukiwa mdomoni. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akabana karafuu kwenye gego, akaendelea na kazi.

Msimu uliofuata, mwezi wa saba, Mzee Barnaba alileta magunia arobaini kutoka kijiji cha Ruanda. Mzee huyu alikuwa akimuuzia Tabita tangu stoo ilipokuwa kibanda cha mabanzi. Tabita akachoma gunia, akamimina, akachagua punje, akauma. Ka.

"Kavu kabisa," alisema. "Pandisheni."

Magunia yakaanza kupanda mizani. Tabita akahisi kitu kigumu kwenye ulimi, akadhani ni ganda la punje, akakitemea kiganjani. Kilikuwa cheupe upande mmoja na cha kahawia upande mwingine. Mzee Barnaba alisogea akatazama.

"Mama, hilo silo hindi langu," alisema.

"Najua, baba."

"Sasa kilicholia ni nini?"

Tabita alipapasa kwa ulimi. Punje ilikuwa bado ipo shavuni, nzima, imebonyea tu kidogo. Lakini maumivu yalikuwa yameshapanda mpaka sikioni, akili haikuwa pale. Aliashiria wapakiaji waendelee, akaingia ndani akajilaza juu ya magunia matupu.

Baada ya siku tano stoo ilianza kutoa joto. Ukiingiza mkono katikati ya magunia ya Mzee Barnaba unakuta vuguvugu, na harufu ya uvundo ilikuwa mbioni. Tabita alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, bila kuziba mdomo. Gwamaka, aliyekuwa amekuja na baiskeli kumletea uji, alisimama mlangoni akamsubiri amalize.

"Nimenunua maji, baba Ipyana," alisema. "Jino limelia, mimi nikadhani ni hindi."

"Uliuma na lile bovu?"

"Yote mabovu. Chagua unalotaka."

Gwamaka akachuchumaa. "Fungua."

Alifungua. Gwamaka alitazama muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote mwaka ule.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na unatapika."

Tabita alishangaa. "Nani kakwambia?"

"Miswaki mitatu kwa miezi miwili. Nani anamaliza miswaki hivyo?" Aliinuka, akapangusa magoti. "Kesho Vwawa. Mahindi nitayashughulikia."

Akampigia Mzee Barnaba kumweleza. Asubuhi mzee alishuka Mlowo na mkewe na maturubai sita. Aliapa kwamba aliyaona makavu, kisha akakiri kwamba magunia ya chini aliyaanika siku moja tu kwa sababu ya mawingu. Wakayamwaga yote uwanjani, wakashinda wanayageuza kwa reki siku nne. Mkewe aliimba nyimbo za kwaya muda wote, na wapakiaji wakajifunza sauti ya pili.

Huko Vwawa Tabita alimkuta daktari wa meno, Dokta Lusungu, binti mwembamba mwenye miwani, wa umri wa mwanawe. Alimlaza kwenye kiti, akamulika, akahesabu kimya kimya. Kisha akazima taa, akavuta kiti chake karibu.

"Mama, niambie siku yako inavyokwenda. Kuanzia unapoamka."

Tabita alikuwa ametegemea koleo, siyo mazungumzo. Akaeleza. Alipofika kwenye chupa ya chai, Dokta Lusungu aliuliza ina vijiko vingapi vya sukari. Alipofika kwenye kutapika akauliza mara ngapi kwa wiki. Alipofika kwenye mswaki akaweka kalamu chini.

"Unapiga mswaki hapo hapo?"

"Sasa mwanangu, niongee na watu nanuka matapishi?"

"Matapishi yana asidi ya tumboni. Ikigusa jino, tabaka gumu la nje linalainika kwa muda. Ukisugua wakati huo, unalikwangua. Ni kama kufagia sakafu ya saruji ambayo haijakauka."

Saruji Tabita aliijua, alikuwa amejenga stoo.

"Basi ni ule upasuaji," alisema. "Majirani walisema. Ukikatwa tumbo, meno yanafuata."

"Upasuaji haukuyagusa meno yako," alisema Dokta Lusungu. "Sukari yako imeshuka, magoti yamepona, hilo usilijutie. Ila kinywa chako sasa kinaishi maisha mengine. Asidi inapanda. Chai tamu inapita juu ya meno kutwa, hayapati nafasi ya kupumzika. Maji hunywi, mate yamepungua, na mate ndiyo yanayosafisha. Na vidonge?"

"Vipo."

"Vipo wapi?"

"Kabatini."

Dokta akacheka, na Tabita naye akacheka, mkono ukaenda mdomoni. Dokta akaushika taratibu akaurudisha chini. "Nimeshayaona yote, mama. Hapa huna cha kuficha."

Alimpa maelekezo, na Tabita aliyarudia kwa sauti ili asisahau. Akitapika, asukutue kwa maji matupu, asubiri karibu saa nzima ndipo apige mswaki, ulio laini, na dawa yenye floridi. Chupa ya stoo iwe ya maji. Akitaka chai tamu, anywe pamoja na chakula, siyo kuinywa kutwa. Na kubwa kuliko yote, awapigie waliomfanyia upasuaji, kwa sababu kutapika kila wiki mwaka mzima baada ya upasuaji si jambo la kuvumilia.

Alipiga simu palepale barazani. Muuguzi wa Dar es Salaam alimuuliza anakula wapi, kwa dakika ngapi, akiwa amekaa au amesimama. Akamwambia akae chini na kula polepole, mambo yaliyokuwa kwenye ukurasa wa pili wa zile karatasi, kisha akampangia tarehe ya kwenda kupimwa damu na kuangaliwa tumbo. Majibu yalipotoka, tumbo lilikuwa zima. Kilichopungua ni madini na vitamini D, na vidonge vikatoka kabatini. Safari hii Gwamaka alivipondaponda kwenye kijiko cha uji, baada ya kuuliza kama inaruhusiwa.

Kazi ya meno ilichukua safari saba. Lile lililovunjika lilishindikana, likang'olewa. Tabita, mwanamke aliyelala kwenye chumba cha upasuaji bila kutetemeka, alifumba macho kwa sindano ya ganzi akamshika daktari mkono wa kazi, ikabidi Gwamaka aitwe ndani atoe mkono wake. Matundu sita yalizibwa. Meno ya mbele yalijengwa upya kwa dawa ngumu ya rangi ya jino, na siku hiyo alirudi Mlowo anatabasamu kwenye kila kioo cha gari lililoegeshwa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kukaa chini. Gwamaka alitengeneza meza ndogo akaiweka ndani ya stoo, na saa saba kamili mlango ulifungwa nusu saa. Kijiko kilikuwa cha mtoto. Tabita alitafuna polepole, anatazama ukutani, na wiki ya kwanza alisema angependa kuugua tena kuliko kukaa kimya vile. Madalali waligonga. Gwamaka aliwajibu kwa ndani, "Anakula." Ilifika mahali Mlowo nzima ilijua kwamba saa saba Mama Ipyana anakula, na simu zikaacha kulia. Kutapika kulipungua hadi mara moja kwa mwezi, halafu kukaisha.

Kuhusu mahindi, alinunua kipima unyevu, mashine ndogo ya kushika mkononi. Soko lilimcheka. Anyitike, mnunuzi wa stoo ya jirani, ambaye bado alipima kwa meno, alisema mashine haina ulimi. Wakashindana kwenye mizigo mitano mbele ya watu. Minne walikubaliana. Wa tano Anyitike aliuma akasema mkavu, mashine ikasema bado. Wakafungua gunia mpaka chini, wakakuta punje zimeshikana. Anyitike akauliza mashine ile inapatikana wapi. Tabita akamwambia, na akamwambia pia akamwone Dokta Lusungu, kwa sababu Anyitike alipomcheka, yeye alikuwa ameliona gego lake bovu.

Mwaka huu mwezi wa tano, mwanamke mmoja alivuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kuja Mlowo kutafuta maharage. Jina lake Gloria. Alisalimia kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bamayo," yaani habari yako, mama, akaingia kwenye Kiswahili cha Tunduma, cha watu wa mpakani, na muda wote alishika ncha ya kitenge mdomoni. Alikuwa na gauni lililomzidi mabega. Tabita alimtazama gauni, akamtazama kitenge.

"Dada, wewe wamekupunguza tumbo?"

Gloria alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Gauni. Ulifanyiwa wapi?"

"Lusaka. Mwaka juzi."

"Na meno?"

Kitenge kilishuka chenyewe. Meno yake ya mbele yalikuwa yamelika mpaka nusu, na macho yakamjaa machozi. Alisema ameshaambiwa ni laana ya kukata mwili ambao Mungu alimpa.

Tabita alivuta kiti cha pili kwenye meza ndogo. Ilikuwa saa saba. Akafungua mdomo wake wazi, akamwonyesha kwa kidole: hili limezibwa, hili limejengwa, hapa palikuwa na jino. Akampa kijiko cha mtoto na bakuli dogo la uji wa ulezi. Walikula dakika arobaini, na kwa mara ya kwanza Tabita hakuutazama ukuta. Gwamaka alikaa nje kwenye ngazi akiwaambia madalali kwamba leo wanakula wawili.

Walipomaliza, Tabita alimpigia Dokta Lusungu.

"Dokta, kesho nakuja na mwenzangu kutoka Zambia. Tuandalie viti viwili."

"Mama, nina kiti kimoja tu."

"Basi atakaa yeye," Tabita alisema. "Mimi nitasimama pembeni nimsimulie. Kuna mambo huyajui, wewe hujawahi kutapika kama sisi."

Gloria alicheka, na kitenge kilikuwa bado mapajani.