Njiti ya Mwavuli na Shavu la Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa ambalo asiyeijua kazi asingelifanya. Mimi kazi naijua. Ni binti wa sonara wa Mji Mkongwe, Unguja, na kwetu fedha ikiletwa dukani kabla ya harusi lazima itoke nyeupe pe. Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika karakana moja ya Hockley, Birmingham, nilipopewa bruchi kuukuu, pambo la kubana kifuani lenye sura ya mtu, niisafishe, niliisafisha hasa. Weusi wote uliojificha kwenye michoro niliutoa, nikampelekea Msimamizi huku natabasamu.

Aliigeuza chini ya taa. "Umefuta miaka mia moja kwa dakika kumi," akasema.

Kumbe ule weusi ndio uliotakiwa. Ndio unaoonyesha mistari ya uso na nywele, na ndio unaomhakikishia mnunuzi kwamba kitu ni cha zamani kweli. Nilitamani sakafu inimeze. Msimamizi hakunifukuza, lakini alinifungia kwenye chumba cha kung'arishia, mbali na meza za ukarabati zilizopangwa dirishani, ambako ndiko moyo wangu ulikokuwa.

Niwaeleze vijana hizo bruchi zilikuwa nini. Enzi ya Viktoria, mwimbaji au mwigizaji maarufu akioa au akiolewa, mafundi wa Birmingham walitoa mapambo ya ukumbusho ya bei nafuu. Mtu hakualikwa, maharusi hawamjui wala hawatamjua, lakini anatembea na nyuso zao kifuani. Wenzangu Waingereza waliuona ni upuuzi. Mimi sikushangaa hata kidogo. Sisi tunashona sare kwa harusi ya mtoto wa jirani wa jirani, tena tunagombania kitambaa.

Karakana yetu ilitengeneza nakala kwa maduka ya makumbusho na kukarabati zile za asili. Baada ya miaka miwili ya kung'arisha nilihamishiwa chumba cha nyundo. Pale bati la fedha huwekwa juu ya kalibu, yaani kipande cha chuma kilichochongwa picha kwa ndani, kisha nyundo nzito inaangushwa kutoka juu na uso wa mtu unatokeza. Mwalimu wangu alikuwa Papa Kongo, mzee wa Bukavu, mpole kuliko mashine yake. Humo nilijifunza siri ya bruchi hizi: ndani ni tupu. Uso mwembamba kama karatasi unaungwa kwa lehemu na bati la nyuma, na nyuma huachwa tundu dogo la kutolea hewa, la sivyo kitu kitapasuka kikipata moto.

Kila baada ya miezi michache nilimwomba Msimamizi meza ya dirishani. Kila mara alinijibu kwamba bado anaiota ile bruchi nyeupe.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Sutton Coldfield. Alipanda treni na bruchi yake ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa leso tatu. Mama wa bibi yake alikuwa akimvisha nguo mwimbaji mmoja wa jukwaani, akainunua siku ya harusi ya mwimbaji huyo. Zamani mtoto aliikanyaga, na shavu la bibi harusi likabonyea ndani. Sasa makumbusho waliitaka kwa maonyesho, naye hakutaka waione hivyo.

Njia ya kawaida ni kuifungua kwa moto na kulisukuma shavu kutoka ndani. Lakini nyuma, karibu na pini, palikuwa na doa la kijivu. Fundi fulani wa zamani aliitengeneza kwa madini ya risasi, na risasi ikipata moto mkali huila fedha mpaka itoboke. Mwenye Karakana, mtu asiyeshuka ghorofani ila kwa jambo kubwa, alishuka, akatikisa kichwa, akaagiza irudishwe.

Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha nyundo kutazama, nikasema naweza bila moto. Baba alikuwa akiinua hereni zilizobonyea kwa njiti ya mwavuli mbovu, iliyochongwa na kupindwa ncha, anaipitisha tunduni na kusukuma kidogokidogo. Na miavuli mibovu Birmingham haijawahi kuadimika.

"Hapa hatutumii takataka za barabarani," Msimamizi akasema. Yule bibi alikuwa bado amesimama pale, ameshika kopo lake tupu. Msimamizi akamtazama, akamtazama na Mwenye Karakana, aliyeinua mabega tu, kisha akanigeukia. "Sawa. Ikipasuka, unarudi kung'arisha, na hutaniomba meza tena."

Asubuhi iliyofuata niliokota mwavuli kituo cha basi cha Newtown, ninakoishi. Nikachonga njiti yake kwa tupa hadi ikawa nyembamba kama shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Papa Kongo alizima mashine yake aje kutazama.

"Mama, ile kintu ikipasuka, utamwambia patron nini?" akaninong'oneza, akimaanisha Msimamizi.

"N'tamwambia nimepasua," nikamjibu. Nikaipinda ncha kwa koleo.

Nilianza saa tatu. Nilisukuma, nikapapasa kwa kidole, nikasukuma tena. Fedha ya zamani ni kavu, haitaki haraka. Saa sita shavu likaanza kujaa. Adhuhuri niliiweka chini, nikasali, nikarudi. Alasiri bibi harusi alikuwa na mashavu mawili, na weusi wake wote ulikuwa mahali pake, hata chembe sikuigusa.

Yule bibi aliporudi na kuiona alilia, nami nikalia naye bila aibu. Msimamizi aliigeuza mara tatu chini ya lenzi akitafuta ufa, hakuupata. Alikwenda dirishani, akaondoa makoti yaliyorundikwa juu ya meza ya pembeni, akafuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

Nilifanya kazi kwenye meza ile mpaka magoti yalipoanza kulalamika kwenye ngazi. Nimeinua mashavu, pua na videvu vya maharusi nisiowajua hata majina. Wajukuu wangu huniuliza kwa Kiingereza kama sikuchoka, nawajibu kwa Kiswahili kwamba nilichoka sana na ningerudi kesho.

Siku ya kustaafu waliniandalia keki na kuniuliza nataka zawadi gani. Nikasema njiti yangu ya mwavuli. Ilikuwa imetundikwa ukutani kati ya koleo na tupa, vijana wawili tayari wamefundishwa kuitumia.

Msimamizi, mvi kichwa kizima, akakataa katakata. "Hiyo haitoki," akasema. "Ni kifaa cha karakana."

Nikaondoka mikono mitupu, nikicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani.