Kutafuta Udongo Hatta

Mwenzangu alifiwa na mama yake, na likizo yake ilikuwa bado. Sisi ni walinzi huku ughaibuni, tunakaa Muhaisnah, kwenye bweni la wafanyakazi. Supavaiza hakuwa mtu mbaya, lazima niandike hivyo. Alimpa siku moja, hakuwa na uwezo wa kutoa zaidi. Akachagua siku ya mazishi. Kaka yake kule kwao angemwonyesha kwa simu mpaka jeneza literemke.

Chumbani asingeweza kulia. Wa shifti ya usiku hulala mchana, nao hawana kosa.

"Dada, twende kwenye mlima," akaniambia. "Kwetu ni mlimani."

Nami nilikuwa ofu, tukapanda basi la Hatta, kwenye milima.

Milima ile haina mti wa kivuli. Ni mawe ya rangi ya kutu, miiba, na mbuzi mmoja juu akitutazama.

"Huu ni mlima ama ni saiti?" akauliza. "Naona kontrakta alitoroka."

Nilicheka. Sijui kama ilifaa, lakini yeye ndiye aliyeanza.

Saa ya mazishi ilipokaribia tulikuwa tumezunguka nyuma ya kilele, na mtandao ukakatika. Akainua simu, akapanda juu ya jiwe, akashuka. Hamna.

"Wanamzika mama bila mimi."

Kwao kila mtoto hutupa udongo kaburini. Asiyetupa ni kama hakuaga. Akainama kutafuta udongo. Zilikuwa changarawe tu. Akajaza mkono, akazitupa bondeni, akalia kwa sauti ambayo Muhaisnah sijawahi kuisikia. Mimi nikaimba wimbo wa mazishi. Nilikumbuka ubeti mmoja, nikaurudia huohuo. Labda ningenyamaza.

Tulipokuwa tukishuka, simu ikaita. Kaka yake.

"Uko wapi wewe? Pasta amesimama kwa jua, jeneza liko kwa kamba. Nimewaambia hakuna kuteremsha mpaka uonekane."

"Nilishatupa," akasema. "Nilishamuaga."

"Ulitupa wapi? Tupa hapa tuone."

Akanipa simu nimshikie. Akainama tena, akachukua changarawe, akangoja jeneza lifike chini, ndipo akazitupa mbele ya kamera. Upande wa pili nikasikia udongo wao ukianguka.

Mara hii hakulia. Nimejiuliza ni mara ipi iliyokuwa mazishi yenyewe. Elimu yangu haifiki huko. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nikimtazama yeye badala ya simu, na naogopa huenda kule nyumbani waliona mawe tu, si yeye akitupa.