Alama ya Njano Mkiani mwa Helikopta

Kwa dakika arobaini na moja, helikopta yenye watu tisa ilikuwa angani na hakuna mtu yeyote aliyeweza kuongea nayo.

Redio zake mpya nilizifunga mimi.

Najua wengine mtanitukana kwenye maoni huko chini. Tukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Nilikuwa fundi wa redio jeshini. Zilipoletwa redio mpya za kubadilisha zile kuukuu, nilipelekwa kozi miezi mitatu, nikarudi kichwa kimenivimba. Aliyenipendekeza ni Mzee Koleo, fundi mkongwe wa karakana yetu, aliyenifundisha kuunga waya wangu wa kwanza.

Mzee alibakiza wiki tatu astaafu. Kwetu fundi anayestaafu huzungushwa angani mara moja, na mkewe hupandishwa kwenye mnara wa kuongozea ndege aongee naye redioni. Miaka yote hiyo Mzee alitengeneza helikopta, hajawahi kuruka hata siku moja.

"Mama watoto kashashona gauni," alitutania. "Jikoni anashika mwiko, anasema 'nakupata, nakupata.' Mboga zinaungua!"

Tukacheka mpaka machozi.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Plagi ya antena iko mkiani, ndani ya upenyo ambao mkono ukiingia unatoka na mikwaruzo. Unaikaza kwa spana maalumu mpaka ilie ta! Ndipo unaichora mstari wa rangi, kuonyesha imekazwa. Kila fundi ana rangi yake. Yangu nyekundu, ya Mzee njano. Kisha mwenzako anapanda ngazi, anakagua, anasaini.

Siku hiyo spana ilikuwa upande wa pili wa karakana. Na mimi nilishamtambia Mkuu wa karakana kwamba nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nikaikaza kwa vidole. Nikachora mstari mwekundu, umenyooka vizuri kabisa.

"Mkiani tayari?" Mzee aliuliza kutoka chini.

"Tayari, Mzee."

"Imelia?"

"Imelia."

Akasaini bila kupanda. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na aliniamini.

Kesho yake helikopta iliruka na askari wanane na rubani. Mtetemo ukailegeza plagi, redio zikakata. Mnarani waliita mpaka sauti zikawakauka. Sisi tulisimama nje tunatazama mawingu, na mimi peke yangu nilijua tatizo liko wapi. Nikajikausha.

Rubani alirudi kwa akili yake, mnarani wakamwashia taa ya kijani ya kumruhusu kutua, akatua salama. Alivua kofia akakaa chini pale pale kwenye lami.

Asubuhi iliyofuata Mkuu wa karakana akatupanga mstari.

"Jana usiku plagi ya mkiani imepapaswa gizani, ikakutwa imelegea. Nani aliikaza?"

Ulimi ukanitangulia.

"Mzee Koleo, afande."

Jamani, nilimruka futi mia. Mbele ya watu kumi na wawili, tena kwa sauti kavu ya mtu asiye na wasiwasi.

Mzee aliniangalia kidogo tu. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Ni mimi, afande. Katazame alama."

Alama ilikuwa nyekundu, niliichora kwa mkono wangu! Mkuu akapanda ngazi na tochi. Akakaa huko juu muda ambao niliuona mrefu sana.

"Njano," akasema.

Asubuhi ile Mzee ndiye aliyefungua karakana. Alikuwa ameshapanda, amefuta rangi yangu, amepaka yake. Alinikinga kabla hata sijafungua mdomo kumsingizia.

Wakamfutia safari yake ya kuaga.

Nilimfuata kwenye makabati ya nguo.

"Mzee, kwa nini?"

"Nilisaini bila kupanda. Nusu ya kosa ni yangu. Nikaona nilibebe lote, maana mimi naondoka na wewe una watoto wadogo." Akafunga kabati taratibu. "Nilijiandaa kuubeba huo mzigo, mwanangu. Sikujiandaa wewe kunitwika."

Mngedhani nilikimbia kwa Mkuu saa ile ile. Wapi! Nilikaa na aibu yangu siku tisa, nakula, naoga, naitikia salamu.

Siku ya tisa mkewe alikuja getini kumletea dawa ya magoti. Akanisalimia kwa upendo kama siku zote, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, nisaidie kumwangalia huyo mzee wako. Naona umri umeanza kumchezea, siku hizi anasahau hata kukaza vitu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaenda kwa Mkuu moja kwa moja, nikasema yote.

Nilivuliwa cheo, nikapangiwa stoo kugawa skrubu. Mzee alikaripiwa kwa kufuta alama, lakini safari yake ikarudishwa. Siku ya kuruka, Mkuu akaniamuru niikaze plagi ile mbele ya wote, iwe kazi yangu ya mwisho kwenye helikopta.

Niliikaza kwa spana. Nikachora mstari.

"Imelia?" Mzee aliuliza kutoka chini, kavaa suti.

"Imelia, Mzee."

Akashika ngazi. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na magoti yale yale, akaingiza mkono na spana, akapima mwenyewe. Ta! Akashuka, akasaini, akaenda kupanda helikopta bila kunitazama.

Baadaye kutoka mnarani ikasikika sauti ya mkewe ikipiga kelele, "Nakupata, baba watoto! Nakupata!" Watu wote wakashangilia. Mimi nilikuwa bado nimeshika ngazi.

Ndugu zangu, kama kuna kitu umekichora alama na hukukikaza, rudi juu leo ukakikaze, kabla mtu hajauliza. Mzee alinisamehe, tena tunasalimiana vizuri.

Ila mtu wa kusaini kazi yangu bila kupanda ngazi, sijampata tena.